Onja Kwanza, Jina Baadaye

(Mazungumzo yaliyotolewa Moshi, katika jioni ya wapenzi wa muziki. Yameandikwa kama yalivyosemwa, tukiacha vicheko na simu zilizolia.)

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine wote, habari za jioni.

Mmesikiliza dakika nne za muziki kabla sijafungua mdomo. Nilimwomba kijana wetu wa mitambo asioneshe jalada wala jina la wimbo, kisha nikawauliza mmesikia nini. Bwana mmoja hapa mbele amesema huu ni muziki wa hotelini, wa kunywea juisi ya embe. Mama aliyekaa pembeni yake amekataa, amesema muziki wa hotelini hauna mpiga dramu msumbufu namna hii. Na kijana kule nyuma amesema unamkumbusha nyimbo za Kongo za zamani, ile sehemu ya mwanzo kabla magitaa hayajachemka. Majibu yote nayapokea, ingawa lile la juisi nalipokea shingo upande.

Wengi mnanijua kwa kazi niliyostaafu, kazi ya kuonja kahawa. Kwenye meza ya kuonjea, vikombe hupangwa kwa namba tu. Hakuna jina la shamba, hakuna jina la chama cha msingi, hujui hiki ni cha Kibosho au cha Mbinga. Kahawa imekaangwa kidogo, imesagwa, maji ya moto yamemiminwa juu yake na kuachwa. Unainama, unavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua iko karibu kuloa, halafu unafyonza kwa kelele ambayo mama mkwe akiisikia atajuta kukupa binti yake. Unatema, unaandika, unasogea kwenye kikombe kinachofuata. Jina la gunia linakuja mwisho kabisa, kwa sababu likitangulia, ulimi unalifuata. Mtu akishaambiwa kahawa hii ni ya shamba fulani maarufu, anaanza kuonja umaarufu.

Nimeipenda jazz tangu ujana wangu, na nimeona masikio nayo yana ugonjwa huo huo. Hoja yangu ya leo ndiyo hiyo, sina nyingine: tusikilize kwanza, jina tulisome baadaye. Na hasa pale jina linapokuwa letu wenyewe.

Maana wimbo mliousikia unaitwa Filles de Kilimanjaro. Ni Kifaransa, yaani mabinti wa Kilimanjaro.

(Minong'ono ukumbini.)

Ndiyo, ni mlima huu huu ambao leo umejificha mawinguni tangu asubuhi. Mpiga tarumbeta ni Miles Davis, na mwaka ni 1968. Nyimbo tatu za santuri yenye jina hilo hilo zilirekodiwa mwezi Juni, mbili zikarekodiwa Septemba, na hapo katikati wapigaji wawili wakabadilika: Herbie Hancock wa piano na Ron Carter wa besi wakatoka, Chick Corea na Dave Holland wakaingia. Sasa watu wa Moshi shikeni viti. Jina la Kilimanjaro hapo, kwa sehemu, limetokana na kampuni ya kahawa, Kilimanjaro African Coffee, ambayo Miles alikuwa ameweka fedha zake. Kahawa, jamani! KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa, iliundwa mwaka 1933. Kwa hiyo mwaka ule ilikuwa na umri wa miaka 35, na wazee wetu walikuwa wanashusha viroba kwenye mizani ya chama wakibishana na karani kuhusu kilo, na upande wa pili wa dunia kuna mpuliza tarumbeta maarufu sana naye ana hisa zake kwenye neno lile lile.

Na wale mabinti? Kwenye jalada kuna sura ya msichana mmoja, Betty Mabry, picha yake imepandanishwa mara mbili. Ni Mmarekani, na Miles alimwoa Septemba hiyo hiyo. Si wa Machame, si wa Rombo. Akina baba mliokuwa mmeanza kujipanga kudai mahari, tulieni.

Niliwahi kumwekea jamaa yangu mmoja wimbo huu, ila yeye nikamtajia jina kwanza. Akafumba macho, akaniambia anasikia theluji. Theluji! Ningemwambia unaitwa Mabinti wa Zanzibar angesikia karafuu. Mlima haumo humo ndani. Kilichomo ni hiki: tarumbeta ya Miles na saksafoni ya Wayne Shorter zinaimba kwa pamoja, polepole, zinaacha nafasi, na ndani ya zile nafasi ndipo Hancock anaingiza piano ya umeme, chombo ambacho wapenzi wengi wa jazz wa siku zile walikiona ni uhuni. Chini yao yuko Tony Williams, kijana wa miaka 22, anapiga dramu kana kwamba yuko kwenye wimbo mwingine wenye haraka zake, na bado hapotei. Mama, ulisikia vizuri kabisa. Msumbufu ndiye huyo, na ndiye ninayemfuata mimi kila nikiuweka wimbo huu.

Tuendelee na magunia yenye majina yetu, kwa sababu ni mengi kuliko mnavyodhani.

Miaka kumi kabla ya hapo, 1958, mpulizaji aitwaye Wilbur Harden aliingia studio ya Rudy Van Gelder kule Hackensack, New Jersey. Kwenye saksafoni alikuwapo John Coltrane, kwenye tromboni Curtis Fuller. Fuller alikuja na wimbo alioutunga mwenyewe, akauita Tanganyika Strut. Hebu fikirini mwaka huo. Tanganyika bado ni nchi ya udhamini, Mwingereza ndiye msimamizi, uhuru uko miaka mitatu mbele. Mwalimu Nyerere alishakwenda New York, Machi 1955, akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akarudi. Ghana ilikuwa imeshajitawala, 1957, na katika rekodi za kundi hilo hilo la akina Harden za mwaka huo kuna wimbo mwingine uitwao Gold Coast. Weusi wa Marekani walikuwa bado wanapigania haki ya kuketi popote kwenye basi na kusoma shule yoyote, na huku wanaitazama Afrika ikisimama. Majina ya nchi zetu waliyabandika kwenye nyimbo zao kwa fahari. Hilo nalithamini sana, na vijana mnaodhani fahari ya Uafrika ilianzia kwenye simu zenu, mlifikirie.

Lakini ukiuonja bila jina? Ni jazz ya New York ya mwaka 1958, nzuri sana, ina mwendo wa kutembea mtu aliyevaa suti mpya, na Coltrane anamwaga noti nyingi kwa pumzi moja mpaka unamwonea huruma mapafu. Mgogo hayumo, Mnyamwezi hayumo. Nimeupenda miaka yote, na ninaupenda kwa ajili ya Coltrane na yule Fuller mwenye tromboni laini. Ndivyo ilivyo pia kwa Mr. Kenyatta wa mpiga tarumbeta Lee Morgan, uliorekodiwa Februari 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru wa Kenya. Mzee Kenyatta simsikii humo hata nikikaza sikio. Namsikia Grant Green na gitaa lake, na ananitosha.

Sasa niwaletee gunia ambalo jina na kilichomo vimelingana. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Novemba 1960. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Brooklyn kulikuwa na mpiga piano aitwaye Randy Weston, mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ambaye vidole vyake vilikuwa virefu vivyo hivyo. Alikusanya studio wapigaji zaidi ya ishirini kwa kazi moja yenye sehemu nne, akaiita Uhuru Afrika. Maneno aliandikiwa na Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Weusi wa Marekani. Kupanga nani apulize nini na aingie wapi alimpa mwanamke, Melba Liston, mwenyewe mpiga tromboni. Akina dada mnisikilize hapa: kundi lile lilijaa wanaume wenye majina makubwa, Clark Terry, Freddie Hubbard, Yusef Lateef, Max Roach, na karatasi waliyokuwa wanaisoma wote ilikuwa imeandikwa na Melba. Ukisikiliza vizuri jinsi filimbi na tromboni zinavyopishana kwenye sehemu ya pili, African Lady, unajua kwamba kuna mtu mmoja mwenye akili tulivu aliyekaa na penseli usiku kucha.

Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike, siyo ngoma peke yake. Akachagua Kiswahili. Na hakukokota Mmarekani wa kusoma maneno asiyoyaelewa; alimpata Mtanganyika huko huko New York, Tuntemeke Sanga, ambaye alilifasiri shairi la Hughes, na sauti mtakayoisikia ni yake. Wakinga mliomo humu leo mna ruhusa ya kujidai. Tafadhali, kijana, tuwekee mwanzo wake.

(Ilipigwa sehemu ya kwanza ya Uhuru Afrika.)

Mmemsikia. Kiswahili, ndani ya studio ya New York, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Desemba 9, 1961. Kule Uwanja wa Taifa bendera ya Mwingereza haijashushwa, na huku mwenzetu anatamka uhuru mbele ya kipaza sauti, nyuma yake ngoma za Babatunde Olatunji wa Nigeria, za Candido na Armando Peraza wa Cuba, na dramu za Max Roach. Na angalieni majina ya sehemu zenyewe: ya kwanza Uhuru Kwanza, ya tatu Bantu, ya nne Kucheza Blues. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliisikiliza ikaelewa inasema nini, ikaipiga marufuku mwaka 1964. Wapiga marufuku mara nyingi ndio wasikilizaji makini kuliko sisi.

Kitu kimoja nataka mkichunguze mkifika nyumbani. Piano ya Weston iko chini, upande wa noti nzito, anagonga mkono wa kushoto kana kwamba kile ni chombo cha kupigwa kabla ya kuwa chombo cha kuimba. Kwenye Bantu sikilizeni ngoma zinavyojibizana na yeye anavyoingia kati yao bila kuwaomba nafasi. Huo ndio ushahidi. Ukilifuta lile jina, ukafuta na shairi, bado muziki wenyewe umeelekea huku.

Baada ya hapo majina ya Kiswahili yakaja kwa fungu. Herbie Hancock, yule yule wa piano ya umeme, alirekodi santuri yake Mwandishi Desemba 31, 1970, kule San Francisco. Kila mpigaji alikuwa na jina lake: yeye mwenyewe Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, ambaye kwa kweli alikuwa amesomea udaktari wa hospitali na kuhitimu. Wimbo wa kwanza ulitolewa kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati wa Weusi wa Marekani, na mapigo yake yanahesabiwa 15 kabla ya kurudi mwanzo. Jaribuni kuuchezea mguu. Mguu utawaacha njiani. Ni muziki mgumu kidogo, sitawaficha, na mtu akiuchoka dakika ya tano simlaumu. Mimi ulinichukua muda kuupenda.

Haya, nimewasema Wamarekani vya kutosha kwa kuazima majina. Na sisi je?

Wazee wangu hapa mnazijua: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, Nuta Jazz. Kila mji uliojiheshimu ulikuwa na Jazz yake. Na walipiga nini? Rumba, chacha, muziki wa dansi uliolelewa na santuri za Cuba, kisha wakaongeza yao, Western wakaja na mtindo wa saboso, Nuta na mtindo wa msondo. Vijana wanaotafuta jazz mtandaoni wakiangukia kwa Mbaraka Mwinshehe wanashangaa: mbona hapa naona Jazz na sisikii jazz? Wao walichukua Tanganyika bila kufika Tanganyika, sisi tukachukua Jazz bila kupiga jazz. Tumelipana, hakuna anayedaiwa.

Ila hapa pia tuonje kabla hatujasoma. Mbaraka, aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonesho ya dunia ya mwaka 1970, alikuwa akifika sehemu ya gitaa lake analiacha shairi, anaondoka na wazo moja, analigeuza, analirudia kwa namna nyingine, wenzake wanamshikilia chini, na saksafoni zinamjibu. Hayo ndiyo wanayoyafanya akina Coltrane kwa chombo kingine na kwa mwendo mwingine. Mtu aliyeyazoea magitaa ya Morogoro tayari ana sikio la jazz; hajaambiwa tu.

Na kabla hatujaenda mbali, niwakumbushe la jirani. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, baada ya kupigia Jamhuri Jazz walihamia Arusha mwaka 1970, wakaanzisha bendi. Jina lake Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka wakaenda Nairobi, na dunia ikaja kuwajua kama Simba Wanyika. Bendi ile iliyochezesha Kenya nzima ilipata maziwa yake kilomita 80 kutoka ukumbi huu. Waarusha hawalisemi hili vya kutosha, wamezama kwenye utalii.

Mwenyekiti ananionesha saa. Nimeahidi pia kuwatajia ninazozipenda, kwa wale wanaotaka kuanza na hawajui waanzie wapi. Sitataja nyingi.

Anzeni na West End Blues ya Louis Armstrong, iliyorekodiwa Chicago Juni 28, 1928. Inaanza na tarumbeta peke yake, sekunde chache tu, hakuna wa kumsaidia. Anapanda, anashuka, anavunja mwendo, anaujenga tena, halafu ndipo wenzake wanaingia polepole kwa unyenyekevu, maana wangesema nini? Rekodi ni ya zamani, ina mikwaruzo, sauti ni nyembamba. Msiikimbie kwa hilo. Katikati Armstrong anaweka chini tarumbeta anaimba bila maneno, anajibizana na klarineti, na ni mpole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia akiimba.

Kisha nendeni kwa Duke Ellington, tamasha la Newport, Julai 7, 1956. Usiku ulikuwa umeenda, watu wameanza kutafuta magari yao. Bendi ikaanza kazi yenye vipande viwili, na baina yake mpiga saksafoni Paul Gonsalves akaachiwa apige solo. Alipiga mizunguko 27. Mwanamke mmoja akasimama akaanza kucheza, wengine wakafuata, na kwenye rekodi kelele za watu zinapanda mzunguko hadi mzunguko mpaka huelewi nani anamwendesha nani. Kulikuwa na kasoro moja: Gonsalves alipuliza kwenye kipaza sauti kisicho cha kampuni ya santuri, kilikuwa cha redio, kwa hiyo kwa miaka mingi tulimsikia kwa mbali. Kanda ya redio ilipopatikana, ikaunganishwa na ile nyingine, na tangu toleo la mwaka 1999 anasikika yuko hapa. Tafuteni toleo hilo.

Na Kind of Blue, bila shaka. Miles tena. Kila mtu huitaja, na nilifikiri niiache kwa ajili ya ukaidi tu, ila haiwezekani. Siku mbili za kurekodi, Machi 2 na Aprili 22, 1959, katika studio ya New York iliyokuwa zamani kanisa. Wimbo wa kwanza ni So What. Besi ya Paul Chambers inasema neno, wengine wanaitikia kwa noti mbili tu. Besi inasema tena, wanaitikia tena. Aliyekulia kwenye ngoma yoyote ya kwetu, au kwenye kwaya ya Kilutheri ya hapa Moshi, hahitaji kufundishwa huo ni mchezo gani. Halafu nataka msikilize kitu kidogo sana. Baada ya muitikio kwisha, pale Miles anapoingia na solo yake, Jimmy Cobb anapiga tasa moja la dramu, kwa nguvu kupita wimbo wenyewe ulivyo, na mlio wake unabaki hewani ukiyeyuka huku tarumbeta ikitembea juu yake. Kijana, weka hapo. Dakika ya kwanza na nusu hivi.

(Ilipigwa So What, kisha sehemu hiyo ikarudiwa mara mbili kwa maombi ya watu.)

Naona mnatabasamu. Ni tasa moja tu, na miaka yote hii watu wanalisubiri. Niongeze kituko: siku ile ya kwanza mtambo mmoja wa kurekodia ulikuwa unakwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, na nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka kwenye santuri zikiwa na kasi na noti za juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Dunia ilisikiliza hivyo zaidi ya miaka 30 mpaka ikarekebishwa miaka ya 1990. Wanafunzi waliokuwa wanajaribu kupiga pamoja na santuri walidhani vyombo vyao ndivyo vibovu.

Ya mwisho ni ya bara hili. Mannenberg, ya Abdullah Ibrahim, Cape Town, 1974. Dakika zaidi ya 13. Piano inarudia maneno machache yale yale, kama ibada, halafu Basil Coetzee anaingia na saksafoni, na kwa kweli siwezi kuielezea saksafoni ile. Makaburu walikuwa wamebomoa mitaa ya watu wakawapeleka kwenye vitongoji kama Manenberg, na wimbo huo ukawa wa kuandamania. Hauna hata neno moja la siasa, kwa sababu hauna mwimbaji. Mtu akikuambia jazz ni muziki wa hotelini, mwekee huo, kisha mnunulie hiyo juisi yake.

Namna ya kusikiliza? Msiweke kwenye sabufa ya sebuleni, itameza kila kitu ibakize mtikisiko. Tumieni spika za masikioni, za bei ndogo zinatosha. Wekeni wimbo mmoja, siyo orodha ya nyimbo 50, na mara ya kwanza mfuateni mpiga besi peke yake toka mwanzo mpaka mwisho. Mara ya pili mfuateni dramu. Wenye solo mtawasikia tu, wana kelele zao. Na bando likiwa dogo, pakueni wimbo mmoja mbaki nao wiki nzima.

Kabla sijakaa nina ombi kwa wazee.

Mmeona nilivyokuwa nawatajia tarehe na majina. Najua nani alipiga tasa lile mwaka 1959, kwa sababu wapenzi wa jazz ni watu wa kumbukumbu: siku, studio, mpigaji, hata kipaza sauti. Santuri zetu ndogo za zamani, zile zilizochapwa Nairobi, lebo yake inakuambia jina la wimbo, jina la bendi, pengine na mtunzi, basi. Aliyepiga besi hayupo. Aliyepuliza saksafoni ya pili hayupo. Tumehifadhi jina la gunia, aliyelima hakuandikwa.

Wengine wa wale wapigaji bado wako hai, na wengine watoto wao wako humu. Kuna mzee amenong'ona wakati nataja Arusha Jazz, nimemwona. Mzee wangu, nakuja kwako tukimaliza, na nimekuja na daftari. Mwenye santuri ndani ya sanduku, hata kama imepinda, hata kama watoto walishaigeuza kifuniko cha sufuria, aje nayo Jumamosi ijayo hapa hapa. Kijana wetu wa mitambo ana mashine ya kuzipiga na kuzihamishia kwenye kompyuta, hatozi kitu. Njooni na jina la mpigaji mmoja angalau, na chombo alichokipiga.

Maswali sasa. Tuanze na mama wa dramu.